Mifumko ya Nuru katika Nyota SS Cygni

Mtu asimamaye penye magofu ya Kaole mwanzoni mwa Oktoba, yapata saa tatu usiku, akaelekea kibla cha msikiti wa kale, huwa ameelekea karibu kaskazini halisi. Upande huo, nyuzi 40 hivi juu ya upeo wa macho, hupita nyota SS Cygni, iliyogunduliwa na Louisa Wells wa Harvard mwaka 1896. Kwa kawaida ni hafifu mno. Lakini kila baada ya wiki kadhaa nuru yake huongezeka zaidi ya mara 30 kwa siku chache, hata ikaonekana kwa darubini ndogo ya mkononi.

SS Cygni ni nyota mbili zizungukanazo kwa saa 6 na nusu hivi. Mojawapo ni nyota kibete nyeupe, yenye uzito ukaribiao ule wa Jua katika umbo lisilozidi Dunia. Gesi ya mwenzake huivutwa kuielekea, ila haianguki moja kwa moja. Kwanza huzunguka kama sahani. Sahani ikijaa kiasi hupata joto, atomi za hidrojeni hupoteza elektroni zake, msuguano huzidi, na gesi huporomokea kibete. Hapana kinachopasuka, neno “mlipuko” hapa lapotosha.

Macho peke yake hayatoshi kuthibitisha jambo hili, na eksirei huzuiwa na angahewa. Pwani yetu ina sehemu katika habari hii: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti za baadaye ziliutazama mfumko wa SS Cygni wa Oktoba 1996. Nuru ya kawaida ilitangulia. Eksirei zikafuata baada ya siku moja hivi. Kisha eksirei kali zikashuka ghafla, na mionzi ya urujuanimno wa mbali ikapanda. Gesi iliyo karibu na kibete ilikuwa imekuwa nzito, ikapoa.

Mwaka 1999 darubini ya Hubble ilitoa umbali wa miaka ya nuru 540 hivi. Kwa umbali huo nyota ingekuwa angavu kupita kiasi, na nadharia ya sahani ingeanguka. Mwaka 2013 vipimo vya redio vilitoa miaka ya nuru 370 hivi, nayo nadharia ikasimama. Mawimbi hayo ya redio hupata nguvu ya kutosha wakati wa mfumko tu; waliowaarifu wataalamu kwamba mfumko umeanza walikuwa watazamaji wa kujitolea.