Kuku Wetu na Minyoo: Dawa Peke Yake Haitoshi

Leo somo letu ni juu ya minyoo ya kuku wa kienyeji.

Tukipita Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, tunaona kuku karibu kila uwanja. Kuku hawa hujitafutia wenyewe. Wanachakura jalalani, chini ya migomba na kando ya bafu. Jioni wanarudi kulala. Mtoto akitaka daftari, kuku anauzwa. Mgeni akija, kuku anachinjwa. Kwa hiyo kuku akidhoofika, mfuko wa nyumba nao umedhoofika.

Mara nyingi tunasikia malalamiko haya: "Kuku wangu wanakula kutwa nzima, mbona hawanenepi?" Wengine husema eti ni jicho la jirani. Kabla ya kumlaumu jirani, hebu tutazame ndani ya utumbo wa kuku.

Dalili za minyoo

Kuku mwenye minyoo mingi hukonda, mpaka mfupa wa kifua unachoma mkono ukimshika. Upanga wake wa kichwani hupauka. Mabawa hulegea. Huharisha, na mayai hupungua. Vifaranga ndio wanaoumia zaidi, hasa walio chini ya miezi 3. Minyoo ikiwa mingi sana huweza kuziba utumbo, kifaranga akafa.

Siku mkichinja kuku, msiutupe utumbo haraka. Upasueni kwa urefu ndani ya bakuli la maji, mwone wenyewe. Mnaweza kukuta aina 3:

1. Minyoo mviringo. Ni myeupe kama tambi, urefu wake hufika wa kidole au zaidi.
2. Minyoo midogo. Hukaa katika vile vifuko 2 vilivyo karibu na mwisho wa utumbo.
3. Tegu. Huyu ni bapa kama utepe, na mwili wake una vipande vipande.

Uchunguzi uliofanywa Morogoro miaka ya 1990 uliona kwamba kuku wengi mno wanaojitafutia wana minyoo, na mara nyingi kuku mmoja ana aina kadhaa. Kwa hiyo tusidhani ni shida ya nyumba moja.

Minyoo inatoka wapi?

Mnyoo mviringo hutaga mayai ndani ya utumbo. Mayai hayo ni madogo sana, hayaonekani kwa macho. Hutoka pamoja na kinyesi na kuanguka ardhini. Penye joto na unyevu, yai hukomaa kwa siku 10 hadi 20. Kuku akidonoa chakula mahali pale, anameza yai. Baada ya wiki 5 hadi 8 mnyoo umekua, nao unaanza kutaga.

Tegu ana njia nyingine. Mayai yake huliwa na wadudu kama sisimizi, nzi na mbawakawa. Kuku akimla mdudu huyo, amemla na tegu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme tarehe 1 Aprili, wakati wa masika, umewapa kuku dawa. Minyoo ya tumboni imekufa. Lakini mayai yaliyoko uwanjani hayakufa, kwa sababu dawa haifiki kwenye udongo. Tarehe 2 Aprili kuku anadonoa palepale. Ikifika mwezi Juni ana minyoo mikubwa tena. Basi mwenyewe unasema, "Dawa ile ni feki!" Kumbe dawa ilifanya kazi yake, ila uwanja haukusafishwa.

Tufanye nini?

Kwanza, fagia banda kila siku. Chimba shimo mbali na kuku, tupa kinyesi humo na ufunike kwa udongo. Yai la mnyoo likiondoka kabla ya siku 10, halijawa tayari kudhuru.

Pili, weka banda mahali pakavu panapopata jua. Jua kali na ukavu huua mayai, lakini kivuli na matope huyatunza. Maranda yakilowa, yatoe na uweke mengine.

Tatu, usimwage chakula chini. Tumia chombo, hata kama ni ndoo kuukuu iliyokatwa. Maji nayo yabadilishwe kila siku.

Nne, vifaranga wasichanganywe na kuku wakubwa. Wafunike kwa tenga mahali pasafi, na uhamishe tenga mara kwa mara.

Tano, toa dawa kwa kuku wote siku moja, kila baada ya miezi 3. Ukimwacha mmoja, huyo ataendelea kumwaga mayai. Wafungie ndani siku 2 baada ya dawa, kisha zoa kinyesi chote na ukifukie.

Juu ya dawa yenyewe, mwone afisa mifugo wa kata yako. Piperazini hutoa minyoo mviringo, lakini haimwezi tegu. Soma kibandiko: kipimo ni kiasi gani, na mayai na nyama visiliwe kwa siku ngapi. Hapa ndipo kusoma kwetu kunapotufaa. Usikisie vidonge vya watu ukawapa kuku.

Na chanjo je?

Dawa ya minyoo haizuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo huzuiwa kwa chanjo tu. Chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Ni vizuri kutoa dawa ya minyoo kama wiki 2 kabla ya chanjo, ili chanjo imkute kuku ana nguvu.

Jirani naye

Kuku hawajui mpaka. Wa kwako anachakura kwa jirani, na wa jirani anakuja kwako. Nyumba moja ikisafisha peke yake, faida ni ndogo. Tunashauri nyumba 10 zikubaliane siku moja ya kutoa dawa. Mkinunua pamoja, hata gharama hupungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini minyoo hurudi hata baada ya kutoa dawa?
2. Katika uwanja wako, ni mahali gani penye unyevu ambapo kuku hupenda kuchakura? Utapafanya nini?
3. Ukitoa dawa tarehe 10 Februari, utatoa tena lini? Andika tarehe hizo kwenye karatasi na uibandike mlangoni mwa banda.