Futa Ubao, Waache Waandike

Mwalimu, chukua daftari la Sayansi la mwanafunzi wako wa darasa la tano. Ukiondoa yote aliyonakili ubaoni, kinabaki nini? Kama hakibaki kitu, anzia hapo. Usimsubiri mwalimu wa Kiswahili.

Kipindi chako kina dakika 40. Tenga kumi za mwisho. Futa ubao, kisha kila mtoto aandike mistari mitano ya alichojifunza, kwa maneno yake. Usisahau kufuta. Ukiacha maandishi ubaoni, watayanakili tu.

Kabla hawajashika kalamu, wape dakika mbili waongee wawili wawili. Hapa kata ya Bagamoyo, kama kwingine Tukuyu wilayani Rungwe, wengi watateta kwa Kinyakyusa. Waache. Wakishapata la kusema, Kiswahili cha kuandikia kitakuja kwa urahisi zaidi.

Kwenye Sayansi, tumia mvua, maana Rungwe haina uhaba wake. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, liweke uwanjani mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi kundi moja lipime maji kwa rula, liandike tarehe na milimita, kisha liyamwage. Ijumaa kila mtoto aandike aya moja kutokana na vipimo hivyo: siku ipi ilinyesha zaidi, imezidi nyingine kwa kiasi gani, na anadhani kwa nini. Mfundishe kutenganisha alichokiona na anachokidhani. Sentensi zinazoanza na “Tumepima” zitangulie, za “Nadhani” zifuate. Ni kazi ndogo, lakini mtoto akiizoea ameshajua kuandika ripoti.

Mwalimu wa Hisabati, nawe umo. Toa swali: mama ameuza mikungu 6 ya ndizi kwa shilingi 8,000 kila mmoja, akalipa nauli 3,000, amebakiwa na ngapi? Usiridhike na 45,000. Dai sentensi tatu: nimeanza na nini, kwa nini nimezidisha, kwa nini nimetoa. Asiyeweza kueleza huenda amebahatisha, na umemjua kabla ya mtihani. Kesho yake geuza: andika 48,000 − 3,000, wao watunge hadithi yake.

Kwenye Jiografia, wafundishe kulinganisha. Ziwa Ngosi limo ndani ya kasoko ya volkano, ilhali Ziwa Nyasa limo kwenye Bonde la Ufa. Waandikie maneno manne tu pembeni mwa ubao: ilhali, lakini, vilevile, kuliko. Kila mtoto atumie angalau mawili.

Somo la vitendo nalo lina lake. Aliyewahi kuchuma chai aandike hatua za kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Mwenzake asome na kuigiza hatua kwa hatua, bila kuongeza chochote. Hatua iliyorukwa itaonekana papo hapo, na mwandishi atairekebisha mwenyewe.

Sasa madaftari sabini utayasahihishaje? Usiyasahihishe yote. Chukua safu moja kwa siku. Angalia kama somo lako limeeleweka, halafu angalia kosa moja tu la uandishi. Wiki hii nukta na herufi kubwa, wiki ijayo l na r. Daftari lililojaa wino mwekundu humvunja mtoto moyo.

Kila siku soma kazi moja nzuri mbele ya darasa. Uliza: sentensi ipi imekusaidia kuelewa? Mpe nafasi hata mwenye mwandiko mbaya, mradi wazo lake liwe wazi.

Na tafadhali, usimwadhibu mtoto kwa kumwandikisha sentensi moja mara mia. Huwezi kuifanya kalamu adhabu asubuhi, kisha mchana umtake aipende.

Mwisho, elewaneni ofisini. Kosa la wiki liwe moja kwa masomo yote, na mwalimu wa taaluma aliandike kila Jumatatu kwenye ubao wa matangazo.