Kabla hujalipia fleti, uliza habari za pampu

Haya wadogo zangu, mmoja wenu ameniandikia, ameona fleti Upanga: "Dada, jiko kubwa, na bahari naiona dirishani. Nilipe?" Ngoja kwanza, mdogo wangu. Bahari haina deni. Jengo linaweza kuwa nalo.

Mimi ya kwanza niliinunua kwa macho. Vigae vinang'aa, rangi bado inanuka. Wiki ya pili maji yakakata. Nikashuka na ndoo kutoka ghorofa ya sita, kwa ngazi, maana lifti nayo imezima. Mlinzi akanionyesha LUKU ya pamoja, ile ya pampu, lifti na taa za ngazi: yuniti sifuri. Nusu ya majirani hawakuwa wamechanga tangu Ramadhani. Na aliyeniuzia alikuwemo kwenye orodha! Mweka hazina akaniletea mimi lile deni, kwa adabu zote, na shikamoo juu.

Kwa hiyo nenda jioni watu wakirudi kazini, tena bila dalali. Panda kwa miguu. Fungua bomba la ghorofa ya juu kabisa. Piga soga na mlinzi, anajua kuliko mkataba. Kisha mwombe mwenyekiti wa wamiliki daftari la michango na mihtasari ya vikao. Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Karatasi sasa. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo tunayo tangu 2008, na kila fleti inaweza kupata hati yake, hati pacha. Lakini yapo majengo ambayo hati ni moja tu, hati mama, kwa jina la mjenzi, na wewe unapewa mkataba wa mauzo na ahadi. Wakili wako (wako, si wa muuzaji) afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, aangalie rehani na zuio kwenye hati zote mbili, na miaka iliyobaki. Muuzaji ana mke au mume? Ridhaa iwe ya maandishi. Na ile sehemu ya kuegesha gari, imeandikwa popote, au ni mazoea tu?

Dalali atakupigia simu: kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na hela mkononi. Mwambie ampokee. Wewe usitoe hata ya kishika uchumba kabla majibu ya upekuzi hujayasoma mwenyewe.