Njiti wangu hajageuka, je, amechelewa?

SWALI: Daktari, mwanangu alizaliwa njiti, mimba ikiwa ya wiki 32. Sasa ana miezi 5 na hajageuka mwenyewe. Mama mkwe anasema amechelewa. Ni kweli?

JIBU: Hapana, mama. Aliwahi kwa wiki 8, kwa hiyo kimakuzi ana miezi 3 tu, na mtoto wa umri huo hatarajiwi kugeuka. Mimi ningetazama zaidi namna anavyojongea. Daktari Heinz Prechtl wa Austria alionyesha kwamba kati ya wiki 9 na 20 baada ya tarehe ya matarajio, mtoto mwenye afya hufanya mijongeo midogo midogo, laini, isiyokatika: shingoni, mabegani, nyongani, na kwenye vifundo vya mikono na vya miguu. Isipoonekana kabisa, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa.

Ili mijongeo hiyo ichunguzwe, mlaze chali akiwa macho na ametulia, bila midoli wala chuchu bandia, mikono na miguu wazi, umrekodi kwa simu dakika 3 hadi 5. Akilia, acha, kilio hubadili mijongeo yote. Mpelekee video hiyo daktari wa watoto au mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa kuitathmini mijongeo hii.

Lakini mkono mmoja ukikaa ngumi muda wote, au mwili ukikakamaa au kulegea mno, tafadhali mpeleke kliniki wiki hii hii.