Deni la Masomo na Mizani Yake

Wazazi wawili wa mji wetu wametuletea suali ambalo, twadhani, limo katika nyumba nyingi. Kijana wao amekubaliwa katika chuo cha jamii huko Marekani kusomea haki ya jinai, yaani mambo ya polisi, mahakama na magereza. Wao wana kiwanja kimoja cha urithi. Je, wakiuze, au kijana akope huko huko? Tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi huingia katika jambo hili kwa furaha ya barua ya kukubaliwa, wasisome chochote kingine.

Kwanza na ijulikane kwamba sisi hatumo katika wale wanaowatisha watu na elimu ya kidunia. Umma usio na watu wake wanaoijua sheria ya jinai husimama kizimbani bila ya msemaji. Lakini kutafuta elimu ni jambo moja, na kununua cheti kwa deni ni jambo jingine. Hili la pili lina hesabu, na hesabu haipindwi na nia njema.

Shahada ya chuo cha jamii ni ya miaka miwili, na ada yake kwa mkaazi wa hapo ni kama dola 4,000 kwa mwaka kwa wastani. Kazi inayotamaniwa na wengi ni upolisi, ambao mshahara wake wa kati mwaka 2024 ulipita dola 70,000. Hapa ndipo watu wanapoghurika. Katika sehemu nyingi za Marekani, idara ya polisi humchukua mtu mwenye cheti cha sekondari tu, ikamfunza yenyewe, na mara nyingi ikamlipa naye akifunzwa. Basi mshahara ule si matunda ya shahada. Aliye nayo na asiye nayo huweza kuketi darasa moja. Na mwenye shahada asiyeupata upolisi huenda akaishia kulinda mlango wa duka, kazi ambayo mshahara wake wa kati mwaka ule ule haukufika dola 40,000, wala haitaki shahada yoyote.

Jimbo la Minnesota ni kinyume cha hayo. Humo polisi kwa kawaida ni lazima awe na shahada, ijapokuwa ni ya miaka miwili. Tumelitaja jimbo hilo kwa makusudi, kwani wamo ndani yake Waislamu wengi wenye asili ya Kisomali, na wengi wao walipitia kambi zetu za Dadaab na Kakuma. Kijana wa huko akiambiwa kuwa shahada haina haja, amedanganywa. Lakini pia tangu mwaka 2024 jimbo hilo lina mpango uitwao North Star Promise, unaomwondolea ada ya chuo cha umma mkaazi ambaye pato la familia yake halifiki dola 80,000 kwa mwaka.

Ama kijana wa suali letu, yeye atakwenda kwa visa ya masomo, naye ni mgeni. Ada yake itakuwa juu ya ile ya mkaazi. Msaada na mikopo ya serikali kuu ya Marekani haimhusu. Na kubwa zaidi, idara nyingi za polisi hutaka uraia, au kwa uchache ukaazi wa kudumu. Akimaliza ataweza kuruhusiwa kufanya kazi inayohusu masomo yake kwa mwaka mmoja, kisha arudi. Akirudi Kenya, sharti la masomo kwa kuruta wa polisi ni alama ya D+ katika mtihani wa KCSE, na mafunzo hutolewa na serikali yenyewe. Kwa hivyo kiwanja kitakuwa kimeuzwa kwa ajili ya kazi ambayo kule hapewi, na hapa haikutaka shahada ile. Rai yetu ni wasikiuze.

Wako pia vijana wetu ambao ni raia au wakaazi wa Marekani, na wao suali lao ni la riba. Msaada wa Pell, ambao haurudishwi, ulifika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26 kwa wenye haja kubwa. Huo wapita ada ya chuo cha jamii. Basi deni latoka wapi? Latoka katika kodi ya nyumba, chakula na gari. Kijana anayetegemea wazazi huruhusiwa kukopa serikalini hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 mwaka wa pili. Akichukua zote 12,000, kwa riba ya mwaka 2025–26 ambayo ni asilimia 6.39, na akilipa kwa miaka kumi, atatoa kama dola 135 kila mwezi, na mwishowe atakuwa amerudisha zaidi ya 16,000. Sehemu ya mkopo huo, isiyozidi 8,000, serikali huilipia riba maadamu yumo masomoni na miezi sita baadaye. Wako wanavyuoni waliosema kuwa aliyeshikwa na haja akiilipa sehemu hiyo kabla ya riba kuanza jambo lake ni jepesi, na wako waliokataa kwa sababu ya sharti la riba lililomo katika mkataba. Sisi twaona kuwa aliye na njia ya kukaa kwao, akasoma nusu ya siku na kufanya kazi nusu, hana dharura ya kuiita dharura.

Wala asitegemee sana takwimu. Wizara ya Elimu ya huko ina daftari liitwalo College Scorecard, lionyeshalo deni na mapato kwa kila chuo na kila somo, nalo ni zuri kulitazama. Lakini mapato ya kila somo humo ni ya waliomaliza. Aliyeacha njiani ana deni bila ya cheti, na huyo ndiye mwenye taabu kuliko wote.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni, na liko jeneza aliloacha kuliswalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Nasi twaharakisha kutia saini! Na ajabu ni kwamba familia ile ile isiyoweza kumpa kijana dola mia moja kwa mwezi huweza kukusanya maelfu kwa arusi ya siku tatu.

Aliyekwisha kukopa na akapata kazi ya serikali, kama polisi au gereza, aulizie mpango unaosamehe baki la mkopo wa serikali kuu baada ya malipo 120 ya kila mwezi yaliyotimiza masharti. Na kiasi kilichobaki akiandike katika wasia wake, pamoja na jina la mdai.