Sasisho Limekwama Hatua Gani?

Karani wa chama cha msingi anayeingiza kilo za korosho pale Bungu, mwalimu wa Nyamisati anayechapa mitihani, kijana mwenye duka la steshenari Kibiti mjini: wote wanaijua hali hii. Kompyuta inaomba kusasishwa. Inapakua kwa saa nyingi, inajizima na kujiwasha, asilimia zinapanda taratibu, kisha inatangaza kwamba imeshindwa na inarudisha mambo yalivyokuwa. Kesho yake inaanza upya, na bando linakwenda. Wengi hatimaye hulizima sasisho moja kwa moja. Wengine huipeleka mashine kwa fundi, naye hufuta kila kitu na kuweka Windows upya, na kazi za mwaka mzima hupotea pamoja na tatizo. Njia zote mbili ni hasara, na mara nyingi hakuna hata moja iliyohitajika.

Tuanze chini kabisa. Diski ya kompyuta hutunza biti, yaani alama za aina mbili tu, sifuri na moja. Programu ni mlolongo mrefu wa biti hizo, nao ni maagizo ambayo kichakataji husoma na kutii moja baada ya jingine. Maagizo yameandikwa na binadamu, kwa hiyo yana makosa, na baadhi ya makosa ni mlango kwa mwizi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mlango wa namba hiyo ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika mlango uleule, kikafunga mafaili ya watu na taasisi katika nchi nyingi duniani, kisha kikadai malipo. Waliokuwa wamesasisha mashine zao walikuwa na kinga kwa karibu miezi miwili.

Kusasisha, basi, ni kutoa baadhi ya mafaili ya maagizo na kuweka mengine mahali pake. Ugumu uko hapa: Windows inatakiwa kubadilisha mafaili ambayo yenyewe inayatumia dakika hiyohiyo. Fundi wa majahazi hang'oi ubao wa chini wakati chombo kiko majini na shehena ya boriti. Hukivuta pwani kwanza. Ndiyo maana kompyuta huomba kuzimwa na kuwashwa. Dakika zile za kuzima na kuwaka ndizo pekee ambazo mafaili ya ndani kabisa hayatumiki na yanaweza kuguswa.

Kabla ya kufika huko, mashine imepita hatua kadhaa. Imeiuliza seva kama kuna kipya, imepakua vipande, imekagua kama vimefika vizima, imeviandaa pembeni katika folda iitwayo WinSxS, ndipo ikangoja nafasi ya kubadilishana. Kila hatua ina namna yake ya kushindwa, na dawa ya moja haifai kwa nyingine. Swali la kwanza la mtu makini ni hili: imekwama hatua gani?

Jibu limeandikwa, ila watu hulipita. Fungua Mipangilio, nenda Windows Update, kisha historia ya masasisho. Chini ya sasisho lililoshindwa utakuta namba kama 0x80070070. Inatisha kuitazama, lakini inasomeka kwa hesabu ya darasani. Alama 0x inasema namba hii imeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ambamo tarakimu ni 0 hadi 9 zikifuatiwa na A hadi F, na F ni kumi na tano. Tarakimu nne za mwanzo, 8007, zinasema: hili ni kosa, na limetoka katika orodha ya makosa ya kawaida ya Windows. Zilizobaki, 0070, ndizo namba ya kosa lenyewe. Saba mara kumi na sita ni 112. Katika orodha ile kosa la 112 maana yake diski imejaa. Ukitaka kuhakikisha, fungua dirisha la amri uandike net helpmsg 112, na mashine itakuambia yenyewe.

Tazama nyingine, 0x80072EE2. Chukua 2EE2: mbili mara 4096 ni 8192, E ni kumi na nne, na mara 256 ni 3584, kumi na nne tena mara 16 ni 224, mwishoni 2. Jumla ni 12002. Hilo ni kosa la mtandao: mashine iliuliza, ikangoja jibu, muda ukaisha. Ikiwa mwisho ni 2EE7 unapata 12007, yaani jina la seva halikupatikana. Ukikuta 2F8F unapata 12175, mawasiliano ya siri baina ya mashine na seva yamekataliwa. Na 0x80073712 inatoa 14098: ghala la mafaili ya Windows lenyewe limeharibika. Naona inafaa kumfundisha kila mwanafunzi wa sekondari hesabu hii, kwa sababu inageuza hofu kuwa taarifa, na inamwezesha kuzungumza na fundi akijua anachokisema.

Kosa la 112 ndilo jepesi. Mafaili mapya huandaliwa pembeni huku ya zamani yakiwa bado yapo, kwa hiyo kwa muda mashine inabeba yote mawili. Kwa toleo kubwa la Windows acha GB 20 wazi katika diski C. Hamishia video na picha kwenye diski ya nje, kisha futa mafaili ya muda kupitia Mipangilio, sehemu ya hifadhi.

Lile la 12175 huwashangaza wengi, kwani mara nyingi chanzo chake ni saa. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta nyingi za mezani zina betri ndogo ya sarafu, CR2032, inayoendesha saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, mashine huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na cheti cha leo kinaonekana kama bado hakijaanza kutumika. Mashine inakataa, na ina haki. Weka tarehe sahihi, jaribu tena. Ikirudi nyuma kila unapochomoa waya, badilisha betri.

Kuhusu mtandao, piga hesabu kabla ya kulaumu mashine. Sasisho la GB 4 ni gigabiti 32, kwa kuwa baiti moja ina biti nane. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo si ajabu kwa anayechukua intaneti kutoka kwenye simu, unahitaji sekunde 16,000, yaani karibu saa nne na nusu. Hapo mtandao usikatike. Ukikatika si msiba, maana Windows hupakua vipande vipande na huendelea ilipoishia. Iache ipakue usiku, usiifute na kuanza upya. Pia kuna siku ambazo tatizo liko mbali kabisa na nyumba yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Siku kama hizo dawa ni kusubiri.

Vipande vikishafika, mashine hukokotoa kutoka katika biti zake alama fupi ya utambulisho na kuilinganisha na ile iliyotiwa saini na mtengenezaji. Biti moja ikigeuka njiani, alama nzima inabadilika na faili linakataliwa. Ikikataa mara kwa mara, simamisha huduma ya Windows Update, futa yaliyomo katika C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, iwashe huduma, upakue upya. Hapo ndipo kufuta kuna maana.

Kwa ghala lililoharibika, nakili kwanza kazi zako kwenye flashi. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza, sfc /scannow. Mpangilio huo una sababu: amri ya pili huchukua mafaili mazima kutoka ghalani, na ya kwanza ndiyo inayolitengeneza ghala. Ya kwanza inahitaji intaneti, kwa sababu hupakua mafaili mazima kutoka kwa Microsoft.

Umeme nao una sehemu yake. Windows huandika kila inachokusudia kubadilisha, hivyo umeme ukikatika katikati, ikiwaka hukamilisha au hurudisha nyuma. Kule kurudisha nyuma kunakowaudhi watu ndiko kunakoiokoa mashine. Kinachoiumiza zaidi ni mwenyewe kubonyeza kitufe cha kuzima mara tatu nne kwa kukosa subira. Kwa nyumba zinazotegemea sola, anza kazi hii asubuhi jua likiwa limepanda, laptop ikiwa na chaji ya kutosha.

Zipo nyakati ambapo kosa si la mashine wala la mtandao. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu la programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani zikagoma kuwaka. Na ikiwa mashine yako inatumia Windows 10 na inakataa kupanda Windows 11, huenda haina chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo toleo jipya linaitaka. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine kama hiyo hakuna cha kutengeneza. Kilichobaki ni kuamua kati ya kujiandikisha katika mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama, kuweka Linux, au kununua nyingine.