Meza ya Kiangazi Kutoka Ufukoni mwa Rumonge



Kila mwaka mvua zikiisha, kiangazi huleta msimu wa sherehe pande zetu za ziwani. Harusi huwa nyingi, Sikukuu ya Uhuru ya tarehe 1 Julai huwadia, na wanafunzi wa zamani hurudi makwao kuwaamkia wazazi. Kila nyumba hutaka kuandaa meza ya wageni, lakini mapambo ya dukani ni ghali, tena hayadumu. Somo la leo lina sehemu mbili: kwanza, jinsi ya kuipamba meza kwa vitu vilivyotupwa na ziwa pamoja na vitu vikuukuu vya sokoni, pili, jinsi ya kujua ni kitu gani chafaa kuokotwa na kipi yapasa kiachwe mahali pake. Sehemu hii ya pili ndiyo kubwa, basi tuanze nayo.

1. Makombe yanayofanana na ya bahari

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ziwa Tanganyika. Speke aliokota makombe ya konokono ufukoni, na mwaka 1859 mtaalamu Woodward akayaeleza kwa maandishi huko Uingereza. Wataalamu walistaajabu. Makombe ya maziwa mengi huwa mepesi na laini, lakini mengi ya ziwa hili ni mazito, yenye matuta na mistari, kama yametoka baharini. Mwaka 1880 likatangazwa lingine lenye miiba kandokando. Liliitwa Tiphobia horei, kwa heshima ya Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji.

Ndipo mtaalamu mmoja, J. E. S. Moore, alipolizuru ziwa mara mbili, na mwaka 1903 akatoa kitabu. Alidai ya kuwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofika hadi katikati ya Afrika. Leo twajua kwamba sivyo. Ziwa letu lilitokea ardhi ilipopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, nalo lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Konokono wake walibadilika humo humo, kizazi baada ya kizazi. Sababu mojawapo ni kaa wa ziwani, ambao huvunja makombe kwa magando yao. Konokono mwenye kombe jembamba aliliwa. Mwenye kombe nene alipona akazaa. Kwa hiyo, kijana, ukilishika kombe zito la ufukoni, umeshika ngao iliyotengenezwa na vita vya miaka mingi.

2. Kombe tupu lina mwenyewe

Konokono mkubwa wa ziwa hili aitwa Neothauma. Kombe lake laweza kufikia sentimeta 5 au zaidi, na ndilo linalotamaniwa sana na wapambaji. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi za madini, nayo hayamumunyi makombe upesi. Kwa hiyo konokono akifa, kombe lake hukaa chini majini muda mrefu sana. Karibu na Kigoma, upande wa Tanzania, wataalamu wamepima makombe yaliyolala chini ya ziwa wakakuta mengine yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Makombe hayo ni nyumba. Wako samaki wadogo wa namna nyingi wasiojua makao mengine: humo hulala, humo hukimbilia adui akija, humo hutaga mayai. Mmoja wao, Lamprologus callipterus, ana desturi ya ajabu. Dume huchukua makombe matupu kwa kinywa chake, moja moja, akayakusanya pamoja. Jike huingia ndani ya kombe kutaga, na dume hulinda nje. Dume huwa mzito mara kumi na mbili kuliko jike, kwa kuwa yeye yampasa kubeba, naye jike yampasa kuingia.

Sasa fikiri: mtu akipiga mbizi na kujaza mfuko makombe ya meza moja, amebomoa mtaa mzima. Basi hii ndiyo kanuni yetu: okota kile tu ambacho mawimbi yamekitupa mahali pakavu. Kilicho ndani ya maji, hata kikiwa kitupu, kiache. Na lililo pakavu lichungulie kwanza. Kama konokono bado yu hai, mrudishe majini.

3. Mahali na wakati wa kuokota

Nenda asubuhi baada ya usiku wa upepo. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa, na mawimbi huacha mstari wa vitu mchangani: makombe, vijiti vilivyolainishwa na maji, kokoto za rangi, vipande vya matete. Usiingie katika maji yaliyotulia yenye majani, maana ndimo waishimo konokono wengine wadogo waletao kichocho. Wala usikate chochote katika msitu wa hifadhi wa Kigwena.

Tena, si kila kilichotupwa ni mali ya mwokotaji. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za watu kwenye pwani ya Burundi, na Rumonge pia. Mlango unaoelea au kiti kilichozama mchangani huenda kina mwenyewe anayekitafuta. Uliza majirani kwanza. Wavu mkuukuu nao uombe kwa mvuvi, usiuchukue ulikoanikwa.

Ndara zilizokatika na vifuniko vya plastiki viokote vyote, hata usivyovihitaji, maana ziwa haliwezi kuvila. Wenzetu wa Lamu, Kenya, walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa ndara za rangi zote, wakaliita Flipflopi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Kama takataka yaweza kuwa jahazi, haishindwi kuwa pambo la meza.

4. Kusafisha

Loweka makombe siku moja katika maji safi yenye sabuni, uyasugue kwa mswaki wa zamani, kisha uyaanike kivulini. Usitumie limau wala siki. Jaribu uone sababu: saga kipande cha kombe lililovunjika, udondoshee maji ya limau. Utaona mapovu. Kombe ni chokaa, na ukali wa limau huila chokaa na kutoa hewa, ile ile iliyo katika soda ya chupa. Wavu ufue mara mbili na kuuanika juani, harufu ya ndagala iishe.

5. Kupanga meza

Tandika kitenge cha mtumba kilichopigwa pasi. Rangi moja iliyotulia yafaa kuliko maua mengi. Juu yake, katikati tu, tandaza kipande cha wavu. Weka kikapu cha kusukwa au chungu kidogo cha udongo, ukitie matete makavu na kuti moja la mchikichi, maana Rumonge ni nchi ya mawese na mgeni aione michikichi hata mezani. Zungusha makombe na kokoto, makubwa karibu na chungu, madogo mbali.

Kwa taa, chukua chupa pana za sokoni, tia mchanga mkavu vidole vitatu, na usimamishe mshumaa ndani yake. Chupa ziwe mbali na kuti, wavu na matete, kwa sababu hivyo hushika moto haraka. Mapambo yasiwe marefu hata wageni wasionane nyuso, wala yasichukue mahali pa sahani. Mgeni amekuja kula mukeke na kuzungumza nanyi.

Sherehe ikiisha, yahifadhi katika sanduku kwa mwaka ujao. Yakikuchosha, makombe yarudishe ufukoni ulikoyaokota, usiyatupe jalalani.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni akiuliza makombe haya yametoka wapi, mwenyeji mwenye elimu atakuwa na habari ya kumwambia: habari ya kaa na konokono, na ya samaki anayehamisha nyumba kwa kinywa chake.

Zoezi

1. Kwa nini Moore alidhani Tanganyika ilikuwa bahari? Ni jambo gani lililomdanganya?

2. Eleza kwa maneno yako jinsi kaa walivyosababisha makombe kuwa mazito.

3. Tembea hatua mia moja ufukoni. Andika orodha mbili: vitu vya kuchukua na vitu vya kuacha. Toa sababu ya kila kimoja.